Mama Amekaa Eda Tena

Mtaa wa Magomeni,
Bagamoyo.
12 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Mwaija,

Assalaam alaykum warahmatullah, na shikamoo nyingi, moja ya leo na nyingine za siku zote nilizokuwa sipigi simu. Hali yako huko Muscat? Shemeji Muhammad mgongo umetulia, au bado anatembea kama anatafuta sindano sakafuni? Na Najma je, bado anajibu salamu kwa Kiarabu akidhani hatutamwelewa? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wake Mola, ingawa huo uzima wenyewe una maelezo, na nitafika huko.

Nianze na bahati yangu, maana usiponisikia nikijisifu utadhani barua kaiandika mtu mwingine. Dada, katika watoto wote wa Bi Nadhira, mimi ndiye niliyebaki kichwani mwake. Majirani amewasahau, ndugu yetu Amin wa Tanga amemsahau, na wewe uniwie radhi, nawe umo humo humo, kama nilivyokwambia mwaka jana. Lakini mimi? Nikikohoa tu barazani anasema, "Rehani huyo." Watu wana mashamba Miono, wana nyumba za kupangisha Dar. Mimi nina jina langu mdomoni mwa mama. Sasa tajiri ni nani?

Barua hii nampa Rukaya, binti wa jirani, anayerudi huko kazini. Ningeweza kukupigia, lakini unanijua: kwenye simu naanza utani, unacheka, salio linakata, na neno lenyewe limebaki huku kooni. Na hili neno, dada, linanitia hofu. Mimi, niliyewahi kumfukuza nguruwe pori kwa ndala.

Kuna kijana alikuja hapa mjini anaitwa Abdulrazak. Msanii. Si wa zile picha za twiga na machweo wanazouziwa watalii, hapana. Huyu amesoma sanaa mpaka ng'ambo, ana miwani mikubwa na adabu nyingi. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba vitu vya zamani vilivyokaa na watu, ili apange chumba cha nyumba ya pwani ndani ya jengo moja la mawe kule Mji Mkongwe wetu wa hapa Bagamoyo. Maonyesho yake kayaita "Kwetu Ni Wapi". Nikamwambia, mdogo wangu, hapa ndipo umefika. Mimi nimetembea, nimefika Mombasa, nimefika Moroni, uwanja wa ndege wa Dubai nimelala kwenye kiti mpaka wakanijua. Swali la kwetu ni wapi nina haki ya kulijibu.

Basi nikampa samadari ya baba. Ndiyo, ile ile ya shaba uliyozaliwa juu yake. Nikampa na chetezo, na ile kanzu ya baba ya Idi ambayo mama hataki ifuliwe. Mama nikamlaza kwenye kitanda changu cha sita kwa sita, godoro jipya. Kila alipouliza samadari yake iko wapi, nilimwambia imekwenda kwa fundi.

Siku ya ufunguzi nilimpeleka. Kulwa mke wangu alinikataza. Alisema, "Mume wangu, mama akiona umati anachanganyikiwa." Mimi nikamwambia wewe ni mtu wa Ubena, mambo ya sanaa tuachie sisi wa pwani. Nilitaka mama aone jina la mumewe limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Basi, ni hilo tu nililotaka.

Sasa nisikilize vizuri. Mlangoni watu walikuwa wanavua viatu, kwa sababu ndani Abdulrazak alitandika mikeka. Wamekaa chini, kimya, wanawake upande huu na kanga zao, wanaume upande ule. Ubani unafuka kwenye chetezo chetu. Katikati samadari, imetandikwa shuka jeupe pe, na kanzu ya baba imetundikwa kwenye msumari. Karibu na mlango kuna kikapu, watu wanatia vikaratasi vya maoni. Mimi nilikuwa nimekwishaona chumba hicho mara nyingi, nikaona uzuri tu. Wallahi sikuona alichokiona mama.

Mama alisimama. Hapo hapo Abdulrazak akashika kipaza sauti, akasema, "Tunaishukuru familia ya marehemu Mzee Mwinyimvua."

Mama akasema, "Marehemu?"

Nikasema, "Mama, haya ni maonyesho."

"Maonyesho ya mume wangu?"

Kisha akapiga ukelele, dada. Si ukelele wa mtu mzima aliyechoka. Ulikuwa ule wa siku ile yenyewe baba alipotutoka, wewe ulikuwepo, unaujua. Akaketi mkekani, akavua bangili, akawageukia wanawake: "Kafa saa ngapi? Mbona mmemtoa bila kuniita?" Mwanamke mmoja, sijui alidhani ni sehemu ya sanaa, akaanza kupiga makofi. Wenzake wakamshika mikono. Mama mmoja wa makamo alisogea akamkumbatia, akamwambia, "Pole shoga yangu, ni kazi ya Mungu." Nadhani yeye peke yake ndiye aliyejua cha kufanya. Mimi, mwenye mdomo unaojaza baraza zima, niliinama nikaokota bangili.

Tulipofika nyumbani alimwomba Kulwa shuka jeupe. Akajifunika, akaingia chumbani, akasema amekaa eda.

Nikadhani asubuhi atasahau, maana siku hizi asubuhi husahau hata chai aliyokunywa. Kweli alisahau. Alisahau kwamba alikwisha kuambiwa. Akaamka akamuuliza Kulwa, "Mbona nimevaa nyeupe?" Kisha akatazama shuka, akaelewa mwenyewe, akapiga ukelele upya. Na kesho yake vile vile. Eda ya watu wengine ina mwisho, kwa kuwa wanahesabu siku. Ya mama kila asubuhi ni siku ya kwanza. Baba anakufa humu ndani kila kukicha, na mimi niko barazani nasikiliza.

Tumejaribu yote. Tukimwambia baba alikufa zamani, anauliza, "Basi mbona mimi sikumlilia?" Tukimwambia hajafa, anauliza yuko wapi, mbona haji. Shehe wa mtaani alikuja akamwelewesha kwa upole nyuma ya pazia kwamba eda yake aliimaliza zamani na Mungu aliipokea. Akasema, "Alhamdulillahi." Alipotoka shehe, akamuuliza Kulwa yule aliyekuja kutoa pole ni nani.

Hataki mafuta ya nazi kichwani, hataki asumini, na zahanati haendi, eti mwenye eda hatoki. Vidonge vya presha Kulwa humsagia kwenye uji. Siku asipokunywa uji, mimi sili. Nimekonda, dada. Suruali ya harusi ya Amin inanitosha tena. Hiyo ndiyo faida pekee.

Abdulrazak usimlaumu. Alikuja analia, akarudisha samadari na kanzu maonyesho yakiwa bado yanaendelea. Pale ilipokuwa kule Mji Mkongwe ameacha patupu na shuka jeupe sakafuni. Anasema watu wanasimama hapo kuliko mahali pengine pote. Mimi sijaenda kuona. Kwangu kitanda kipo na kanzu ipo, na bado naona patupu.

Naogopa, Mwaija. Naogopa asubuhi. Nikisikia jogoo natamani nimzibe mdomo ili mama asiamke aambiwe tena. Naogopa moyo wake utachoka, maana ni moyo gani unaobeba msiba ule ule kila siku? Na naogopa kichwa changu mwenyewe. Juzi nilisimama njiani sokoni nikawa sikumbuki nimetumwa nini. Zamani ningecheka. Nilirudi nyumbani nikaketi na Kulwa nikaanza kumtajia majina ya watu wa kwetu wote, mpaka akaniambia, "Nyamaza, unanitisha."

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Omba ruhusa uje kabla ya Ramadhani. Najua utasema, ya nini kuja na mtu mwenyewe hanikumbuki? Uliwahi kuniambia hivyo, nami sikukujibu. Njoo tu. Sababu utaikuta hapa.

Nisalimie shemeji Muhammad, mwambie mgongo asiufanyie mzaha. Nibusie Najma, mwambie mjomba wake anajua Kiarabu cha Dubai, kile cha kuulizia choo. Kulwa anakusalimu sana, na ndiye anayebeba nyumba hii, mimi nabeba maneno. Mola akulinde ugenini, akufungulie njia ya kurudi, na akukutanishe na mama akiwa bado yupo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ijapokuwa ulinipiga sana utotoni,

Rehani Mwinyimvua

Dada, bahasha nimeifungua tena. Rukaya amesimama mlangoni na begi lake, bajaji inamngoja, kwa hiyo nasema upesi. Mwenye eda hujificha kwa wanaume wa kando, wewe unajua. Hajifichi kwa mwanawe wa kumzaa. Asubuhi ya kwanza niliingia na uji, mama akajifunika uso akamwambia Kulwa, "Mtoe huyu mwanamume humu, mimi niko edani." Sijaingia tena. Jina langu hajalitaja mwaka wa pili sasa, hata nikohoe mpaka nitapike. Anayemtaja ni wewe. Kila asubuhi, akimaliza kulia, anauliza, "Mwaija amefika?" Alikuwa akikuulizia hata wakati ule niliokwambia amekusahau. Niliona wivu, nikasema uongo. Hakuna bahati yoyote. Mama hanijui mimi.