Gogo Chini ya Bamba

Kaka Gaylen mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai huko kwenye visima vya mafuta u mzima na baridi haijakung'oa masikio. Sisi hatujambo, na binti yako Britta ni mzima kabisa. Nalitanguliza hilo ili usome yaliyobaki bila kuruka kitini.

Theluji imerudi, na Machi hii! Jumanne niliisukuma kwa kile kitrekta cha Baba cha bustani. Unakijua: ukiinua bamba la mbele la kusukumia theluji, halikai juu. Mipira ya ndani ya silinda inayoliinua imekwisha, mafuta yanapenya, na chuma chote kile kinashuka polepole, kimya, hata injini ikiwa imezimwa. Nilikiingiza bandani nikaliacha bamba juu, maana likilala chini na maji yake linagandana na udongo. Ndiyo, najua. Usinianze.

Punde nikamwona Baba anatoka bandani bila kofia, glavu zimelowa mafuta. Nikamfokea, nikamuuliza mzee mzima anazurura nini kwenye theluji. Akaniuliza kwa adabu mimi ni mke wa nani. Nikamkalisha mbele ya supu yake ya njegere, nikasema moyoni kaka ulisema kweli, akili za huyu zimekwisha.

Wakati wa kula Britta haonekani. Nikaita, nikazunguka ghala la mahindi, nikafika hadi kijitoni. Kumbe paka alikuwa amezaa chini ya trekta, na mwanao kajipenyeza chini ya bamba kumfuata. Kofia ya koti ikanasa kwenye bolti. Aliita wee, upepo ukameza sauti.

Nilipofungua banda nikaona bamba limeshuka juu ya mgongo wake. Kaka, nilipiga yowe! Naye akaniambia kwa hasira niache kelele, nawaamsha watoto wa paka.

Bamba lilikuwa limegusa koti tu. Pembeni yake, likiwa limelizuia bamba, lilisimama lile gogo la mwaloni, lile ambalo Baba alikuwa akitugombeza tuliweke chini yake tangu tukiwa wadogo. Mimi sikuliweka. Nilipiga magoti pale. Mtu asiyemjua binti yake alikumbuka kwamba bamba lake halikai juu! Na udongo pale umebonyea kwa gogo kuwekwa mara nyingi. Kumbe bandani ndiko anakokwenda kila jioni, nasi tunasema amepotea njia.

Sasa nikwambie nililokuficha. Watu wa nyumba ya wazee walikuwa waje kumchukua Ijumaa, nilishakubaliana nao. Nimewapigia simu wasije. Ukitaka kugomba, gomba.

Wasalimie wenzako wa kambini. Britta anakubusu, na anauliza kama unaruhusu paka wawili. Ningesema Baba anakusalimu, lakini hakukumbuki. Leo asubuhi nilimsogezea kahawa, akanitazama sana, nikadhani jina langu linakuja. Akaniuliza kama nimeweka gogo.

Nikamwambia ndiyo, Baba, nimeweka.

Mdogo wako,
Marlys