Maji Ndani ya Mlango

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na mpwa wangu mwenye maswali mengi. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unakubana ukiinama. Sisi huku tupo. Mama anakula vizuri, macho ndiyo yanamsumbua, lakini ulimi wake ni mzima kabisa, utaona mwenyewe huko mbele. Shangazi bado yuko kwetu. Alikuja kwa wiki moja, na wewe unamjua wiki zake zilivyo. Sasa hata kamba ya kuanikia nguo kaihamisha. Mimi mwili mzima. Mwili, naweza kusema, ni mzima.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza nikiwa gereji, mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa juu ya ndoo ya rangi. Unasema shemeji kanunua gari lililotumika, na chini ya milango rangi imeanza kutuna kama malengelenge. Unataka kujua ufanye nini, na kutu uizuieje isiendelee. Dada, hilo ndilo swali linalonilisha. Wateja wananiuliza kila siku, na jibu halinichukui hata muda wa kumaliza chai. Lakini wewe nilijaribu kukurekodia, nikafuta. Nikarekodi tena, nikafuta. Ndiyo maana unaona karatasi.

Nianze na kazi, maana hiyo naijua.

Usimruhusu fundi yeyote apake puti juu ya malengelenge. Puti ni ile pasta tunayojazia mabonde kwenye bati. Ikipakwa juu ya kutu, gari litapendeza mpaka mvua ya pili, halafu litatuna palepale. La kuvunda halina ubani. Malengelenge yote yakwanguliwe kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka bati ling'ae. Palipotoboka pakatwe, pachomelewe kipande kipya. Kisha dawa ya kutu, kisha rangi ya msingi, ndipo ije rangi yenyewe, na kila kitu kisubiriwe kikauke. Fundi akikwambia atakumaliza leo leo, mshukuru, washa gari, ondoka.

Lakini kabla ya fundi, wewe mwenyewe kaa chini utazame ukingo wa chini kabisa wa mlango, ule usioonekana ukiwa umesimama. Utakuta vitobo vyembamba, kama mtu kachanja kwa kisu. Maji ya mvua na ya kuoshea huwa yanapita kwenye mpira wa dirisha, yanaingia ndani ya mlango. Hiyo si hitilafu, kila gari liko hivyo. Yakishaingia yanatokea kwenye vitobo hivyo. Vikiziba kwa tope, maji yanakaa, na mlango unaoza kutokea ndani huku nje unametameta. Chukua waya mwembamba uvizibue. Ukishaosha gari, acha milango wazi ipigwe na upepo kidogo. Dada, kuosha hakuozeshi mlango. Kinachoozesha ni maji yaliyokosa pa kutokea.

Soma tena hapo, halafu uendelee.

Vitobo vya gari la Baba niliviziba mimi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kujifunza kwa yule fundi tuliyemwita Nyundo. Baba alikuwa analalamika vumbi linaingia garini, suruali zake za kazini zinachafuka. Nikalala chini ya gari, nikaviona vile vitobo, nikasema vumbi linaingilia hapa. Nikaona kiwanda kizima kimekosea na mimi ndiye nimegundua! Nikachukua gundi nyeusi ya kubandikia vioo, nikaziba mlango mmoja baada ya mwingine, nikapaka na rangi juu. Nyundo sikumuuliza. Nilitaka iwe yangu.

Baba akaja, akapitisha kidole pale chini. Akaita majirani. "Njooni muone mikono ya mwanangu," alisema. Wewe unamjua Baba. Chakula kikiwa kitamu alikuwa anasema hakijaharibika. Mimi sikuwahi kusikia sifa kutoka kwake kabla ya siku ile, wala baada yake.

Na wewe ulikuwa unaliosha gari lile kila asubuhi, tena kwa furaha, kwa sababu alikuwa amekuahidi ukimaliza kujifunza udereva litakuwa mikononi mwako.

Siku wenzake Baba wa kazini walipokuja kumuaga alipostaafu, nadhani huhitaji kusimuliwa. Lakini nataka uione kutoka pale nilipokuwa nimesimama mimi. Alifunga mlango wake, kioo kikatumbukia ndani, ukingo wa chini ukachanika, na maji ya kahawia kama chai ya rangi yakamwagika juu ya viatu vyake vipya. Yule mnene mmoja akapiga kelele, "Mzee, kimbiza gari hospitali, chupa imepasuka!" Watu wakashika mbavu. Baba hakucheka. Aligeuka akakukuta na kitambaa mkononi.

"Umeliosha mpaka umeliua. Leta ufunguo."

"Baba, naosha kama ulivyonionyesha."

"Nimesema leta ufunguo."

Mimi nilikuwa nimetazama chini. Kwenye kile kipande cha bati kilichochanika niliiona gundi yangu, bado imeng'ang'ania kitobo. Nisingependa nikudanganye kwamba nilikuja kuelewa baadaye. Nilielewa palepale, wewe bado unatafuta ufunguo kwenye mfuko wa nguo. Nikainama kama mtu anayesaidia kusafisha, nikakiokota, nikaenda nacho chooni nikakitumbukiza. Niliporudi ulikuwa umeshaingia ndani.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linalonikosesha raha zaidi.

Kesho yake Baba alipotoka, nilichukua msumari nikazibua milango iliyobaki. Maji yakatoka, mengi, yananuka kama birika kuukuu. Nikayafukia kwa mchanga. Basi kutu ikapunguza mwendo, na wewe ukawa umekatazwa kuligusa gari. Unaona kilichotokea? Baba akawa anawaambia watu, "Mnaona? Tangu aache kuliosha, kutu imetulia." Mimi ndiye niliyempa ushahidi. Niliirekebisha milango kwa siri, na kila nilichorekebisha kilikushitaki wewe.

Shangazi naye akakubandika lile jina, Mkono wa Kutu. Kisu kikipata madoa, ni wewe. Sufuria ikitoboka, ni wewe. Ilikuwa mzaha, nyumba nzima tunacheka. Na mimi nilicheka, Dada. Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Ulipoondoka kwenda huko kazini, Baba alibaki chumbani kwake hakutoka kukuaga. Ulisimama nje ya dirisha lake na begi lako. Mimi ndiye niliyekubebea hilo begi mpaka barabarani, njia nzima nikijisemea leo nitamwambia Dada, tukifika pale kwenye nguzo nitamwambia. Tukafika kwenye nguzo nikakwambia safari njema. Ulirudi kumzika Baba, na nilikuona unazunguka uani mbali na gari, kama mtu anayepita karibu na mbwa mkali.

Gari bado lipo palepale uani. Naweka mabati juu lisinyeshewe. Milango nilishaifungua yote siku nyingi, ndani mna utando wa buibui tu. Lakini alasiri, ile saa ambayo Baba alikuwa anarudi kazini, nasikia maji mle ndani. Chwa, chwa, taratibu, kama mtu anasukutua mdomo. Naacha kazi naenda kufungua. Pakavu. Narudi kukaa, yanaanza.

Na chini ya mlango wa Baba kuna alama ya kutu kwenye saruji. Nimeisugua kwa sabuni, kwa mchanga, hata kwa maji ya betri mpaka saruji imechimbika. Inafifia, kisha inarudi, hata kiangazi ambapo hakuna tone la mvua. Mama aliniuliza kwa nini nafua sakafu. Nikamwambia ni mafuta.

Gereji pia. Kila mlango unaoletwa, kabla ya kuushika natega sikio. Wateja wanaona huo ndio ufundi. Kuna dereva mmoja wa lori anasema, "Muacheni fundi, anamsalimia mgonjwa." Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea mlango uliong'olewa, umelazwa juu ya gunia, hauna kioo wala chochote. Nikautegea sikio, nikasikia maji. Nikamwambia aupeleke kwa fundi mwingine, leo sijisikii vizuri. Alininunia, na haki yake.

Ungedhani ningesikia Baba ananigombeza. Ningefurahi. Ninachokisikia ndani ya yale maji ni yeye ananisifu. Njooni muone mikono ya mwanangu. Sauti ileile, ya furaha. Hajui. Kafa hajui, na bado ananiitia majirani.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka na mimi nizikwe, Mungu anisamehe. Kilichonikamata ni mwisho wa ujumbe wako. Ulisema binti yako alichukua ndoo na kitambaa akaanza kuosha gari jipya, ukamnyang'anya. Ukamwambia, "Acha, usije ukawa na mkono kama wa mama yako." Halafu ukacheka. Kwa nyuma nilimsikia mtoto anauliza, "Mkono wako una nini, mama?" Ujumbe ukaishia hapo.

Nikasema basi. Uongo wangu umeshafika kwa mtoto.

Alhamisi niliwakalisha Mama na Shangazi, nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe, bila kupunguza. Shangazi ndiye aliyeanza, si unamjua.

"Kumbe mwenye kutu tulikuwa tunampikia humu humu!"

Akajipiga paja.

"Nami nilimnyima mtoto wa watu kuosha vyombo vyangu! Masufuria yangu nayaficha chini ya kitanda!" Alianza kwa kelele, akamalizia kwa kulia. Kisha akatoka nje, na tangu siku hiyo ananipa chakula bila kunitazama.

Mama alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Hakuacha. Alichambua mpaka nikadhani hakusikia.

"Uliogopa nini?" akauliza. "Kofi?"

"Ndiyo, Mama."

"Kofi la baba yako lingekuwa limepoa jioni ileile. Dada yako kalila mpaka leo."

Nikataka kushika miguu yake, akaisogeza.

"Mwandikie," akasema. "Usimwambie nimekusamehe, maana sijakusamehe. Mwambie mimi nilikuwa namwona anavyoliosha lile gari, taratibu, kama anaogesha mtoto. Nilijua hakuna chuma kinachokufa kwa mkono ule. Na sikufungua mdomo. Mwambie na hilo ni la kwangu, asimbebeshe mdogo wake."

Nimeliandika kama alivyolisema.

Jana nilikwenda kaburini kumwambia Baba. Nilisema kwa sauti, mpaka mtu aliyekuwa anapalilia pale akaondoka. Nilidhani nikirudi nyumbani patakuwa kimya. Alasiri maji yakalia kama kawaida. Sikuinuka kwenda kufungua. Nilikaa nikayasikiliza. Pengine ndivyo nitakavyoishi, na sikulalamikii hilo.

Samahani nakuomba, lakini jibu sikuombi. Ukinyamaza nitaelewa, kunyamaza nakujua kuliko mtu yeyote katika ukoo huu. Ukitaka kupiga simu unitukane, piga, nitapokea. Ukitaka kuongea na Mama tu, sema, nitampa simu nitoke chumbani.

Msalimie sana shemeji, na umwambie gari asiliuze, malengelenge kama hayo yanatibika kama bati bado ni gumu ukilibonyeza. Mama anawasalimu wote. Shangazi anakusalimu pia. Alinituma niandike kwamba masufuria yake yapo, ukija utayaosha ukitaka, na usipotaka atayaosha yeye na ya kwako. Nyundo alishazeeka, hafanyi kazi tena, lakini nilikwenda kumweleza na yeye. Aliniuliza jambo moja tu, kwa nini sikumuuliza.

Nimebakiza ombi moja, nalo si kwa ajili yangu. Mrudishie mtoto ndoo. Mpe na waya, umwonyeshe vitobo vilipo, azibue yeye mwenyewe. Akiuliza tena mkono wako una nini, mwambie hauna kitu, haukuwahi kuwa na kitu, ni mjomba wake aliyesema uongo kwa kunyamaza. Mwambie bila kunificha. Halafu mwache aoshe gari lote, juu mpaka chini, na akimaliza kaeni kidogo mtazame. Maji yataanza kudondoka chini ya milango yenyewe. Msishtuke. Ndivyo inavyotakiwa.

Mungu awalinde katika nyumba yenu, awape mkate na usingizi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda, na niliyechelewa.