Maji Uliyovuta Bwawani Kwetu

Ndugu yangu Abdi,

Asalaam aleikum. Salamu ni haki ya Mwislamu, kwa hiyo nakupa. Zaidi ya hiyo leo usitarajie mazuri.

Unakumbuka tulivyolichimba lile bwawa letu, nje kidogo ya Dadaab? Aabo, baba yetu, Mungu amrehemu, alishika sururu, mimi na wewe tukabeba udongo kwa karai. Ukilia kwamba mikono imetoka malengelenge, yeye alikucheka: "Chimba, Abdi. Ng'ombe hanywi machozi." Mvua ya kwanza ilipolijaza ulitumbukia na nguo zako zote, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kwa hiyo siku ghala la yule tajiri wa sukari liliposhika moto, ukatujia na gari la zimamoto, nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Mimi mwenyewe niliwafukuza ng'ombe wakupishe. Ukautupa ule mpira mnene majini, ukaomba karai uliweke chini ya chujio la mdomoni mwake lisivute tope, nikakukimbilia nalo. Pampu ikanguruma, maji yakapanda, nami nikawaambia majirani, "Huyo ni ndugu yangu."

Gari likajaa, likaenda, likarudi, likajaa tena. Mwishowe pampu ikaanza kukohoa, inavuta hewa. Hapo ndipo ulipopaswa kuacha. Wewe ukavua viatu, ukaingia, ukausogeza mpira katikati, penye kina. Nikakwambia, "Abdi, wacha ya kunywa."

Ukajibu bila kuniangalia, "Kidogo tu, walaal, dada yangu. Kesho nitarudisha na hili hili gari."

Kesho gani hiyo?

Sikatai, moto ulikuwa moto, na nyuma ya ghala kulikuwa na nyumba za watu. Lakini malori ya maji ya mashirika ya misaada yalikuwa yameegeshwa pale mjini, yamejaa. Hukuyaomba. Uliogopa kuambiwa ngoja mkubwa aje. Kwetu hukuogopa, kwa sababu ulijua mama na dada hawana lango la kukufungia. Hilo ndilo linaloniunguza, kuliko hata maji yenyewe.

Tajiri alichinja ngamia, mkala. Kisha ukahamishiwa Garissa, na simu hushiki. Hapa mvua imekataa. Ng'ombe wa Hooyo wamekwisha wote, na mama yetu huyo, na magoti yake yale, anafuata maji mjini kwa punda wa kuazima. Wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wewe mzaliwa nami ulikwenda kula kwingine.

Na bado anakutetea! Gari lolote kubwa likivuma barabarani, anatoka na mitungi, anaipanga kando ya njia, anasimama hapo na kusema, "Abdi aliahidi." Gari linapita. Mimi ndiye ninayeirudisha mitungi ndani, mitupu, naye ananifuata nyuma.

Sitamwambia kwamba huji. Njoo umwambie wewe, usoni.

Ni mimi,
Dada yako wa tumbo moja