Ndama wa Maktaba

Bukirasazi, Gitega
11 Desemba 2011

Kaka yangu mpendwa Dominiko,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Buhinyuza, wewe na wifi yangu Upendo na watoto, na kwamba yale maumivu ya kiuno uliyoyapata kwa kulima shamba la wakwe yamepungua. Sikucheki. Nasema tu kwamba mtu aliyeapa kutolima jirani na Kasiano, akaenda Muyinga kulima jirani na mama mkwe, kiuno chake alikichagua mwenyewe. Mimi na wanangu hatujambo, ila sauti imenikauka kwa sababu nitakazokueleza. Nakuomba ukae chini kabla ya kuendelea, na jembe uliweke mbali.

Nianze na kazi. Kama unavyojua, Direkta Crispin alinipa kutunza maktaba ya kolegi yetu. Maktaba yenyewe ni ile stoo ya zamani ya maharage, na mpaka leo ukifungua kamusi unasikia harufu ya maharage. Vitabu ni mia mbili na kumi na viwili, vililetwa na wafadhili, na Direkta alikuwa akivifungia kabatini kwa kufuli kwa hoja kwamba kitabu kikifika huko kilimani kwa wanakijiji kitasokotewa tumbaku. Mwezi wa tisa ikaja barua kwamba mkaguzi atafika tarehe tisa Desemba, na anataka kukuta maktaba yenye watu na shamrashamra. Direkta akaniita. Akasema nifanye sherehe, vitabu viende nyumbani kwa watoto, lakini siku ya mkaguzi vyote viwe vimerudi, na kikikosekana hata kimoja mimi nitafute kazi nyingine. Nusu ya shamba la baba tuliyorudishiwa tulipotoka ukimbizini Tanzania, Kasiano akabaki na nusu yake, hainishibishi mimi na wanangu, kaka. Kazi hii ndiyo unga wetu.

Nikawaza, mtu wa hapa anaheshimu nini kiasi kwamba hawezi kukichezea? Jibu likaja lenyewe: ng'ombe. Unakumbuka baba kule kambini Ulyankulu, Tabora, alivyokuwa akituhadithia desturi ya kugabira, yaani mtu kumpa rafiki yake ng'ombe mbele ya mashahidi, kwa hotuba na chungu cha pombe? Basi nikaamua kila mtoto apewe kitabu kwa heshima ileile, mzazi wake akishuhudia, ili aone aibu kukipoteza. Nilijiona nina akili kuliko Direkta na wafadhili wote. Nilichosahau ni kwamba baba hakuwahi kutumalizia hadithi ile. Pombe ilipofika ndani ya hadithi, na yeye aliinuka kwenda kuitafuta ya kwake, na mwisho wa desturi hatukuusikia hata siku moja. Usilolijua ni usiku wa giza.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba wazazi walijaa mpaka dirishani. Rafu nilizivika vitenge vya Mama Apolline, yule Mkongomani wa Bukavu anayekaa Musinzira na kuja huku siku za soko. Watoto nikawakaangia maandazi. Direkta alikuwa amekataza pombe shuleni, kwa hiyo Mama Apolline akawaletea wazee madumu mawili ya juisi ya ndizi. Juisi ile ilikamuliwa Jumatano. Wewe mwenyewe jumlisha siku. Kufika saa nane mchana wazee walikuwa wanaisifu kwa macho mekundu, na nilipomshika Mama Apolline pembeni alijitetea kwamba, "Mi nilileta jus, Melania. Kama ilikomala mu njia, mi niko na kosa gani?"

Nikawaita watoto arobaini mmoja mmoja, kila mmoja na mkubwa wake. Kwa kila kitabu nilisema kama baba alivyokuwa akisema, na jina lake nikalitaja: mimi Melania wa nyumba ya Kastori, mbele ya mashahidi hawa, nimekugabira hiki, kikakuletee maziwa. Watu wakaitikia "Amashyo!", wengine wakajibu "Amashongore!", kama wanaotakiana makundi ya ng'ombe. Wa kwanza kuitwa alikuwa Bahati, binti wa darasa la nane anayeongoza shule nzima, nikampa atlasi kubwa yenye jalada gumu. Mkubwa aliyesimama naye ni babu yake, Kasiano. Ndiyo, kaka, Kasiano huyohuyo wa nusu ya pili ya shamba la baba. Sikumchagua mimi, ni alama za mtoto zilizomchagua.

Tulikubaliana vitabu virudi Ijumaa ya tarehe mbili Desemba. Siku hiyo nilikaa mezani tangu asubuhi na daftari langu wazi. Vilirudi vitatu. Nilipotazama majina, vyote vimetoka nyumba za watu waliorudi kutoka Tanzania kama sisi.

Nikatoka kwenda kuvitafuta. Nisikudanganye, sijawahi kuheshimiwa hivyo tangu nizaliwe. Mama mmoja alinipa mkungu wa ndizi na kunihakikishia kwamba kitabu hakijambo. Mzee mwingine akanionyesha kitabu cha hadithi za sungura kimelazwa ndani ya kikapu chenye mfuniko, akasema hakiguswi na mvua wala na mbuzi. Nilipomwomba anirudishie alinitazama kama nimemtukania mama yake. Nyumba ya nne nilianza kulia njiani, maana zilibaki siku saba na nilikuwa na vitabu vitatu.

Mwisho nikabisha hodi kwa Kasiano. Miaka mitatu tunaamkiana kwa kichwa tu ng'ambo ya mpaka wa shamba, na siku hiyo niliingia kwake nikiwa na kamasi. Hakucheka. Akanieleza pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, kwamba kitu kilichogabiwa mbele ya mashahidi na pombe hakirudishwi, kukirudisha ni kumwambia aliyekupa kwamba urafiki umekufa. Kinachorudi ni mzao wake. Ng'ombe akizaa, siku moja unampelekea aliyekupa ndama jike, na huko ndiko kuitura. Nikasema haikuwa pombe, ilikuwa juisi. Akasema yeye aliinywa. Nikasema vitabu ni vya shule. Akasema shule haikutajwa, iliyotajwa mbele ya kilima kizima ni nyumba ya Kastori. Na hapo alisema kweli.

Lakini ni yeye aliyeniokoa. Aliniambia hakuna mila inayomkataza ng'ombe kumsindikiza ndama wake. Niitishe sherehe ya kuitura tarehe tisa, kila mtu alete mzao wa kitabu chake, na mama mtu, yaani kitabu chenyewe, aje naye. Vikishafika, kuvilaza shuleni usiku mmoja au zaidi ni mazungumzo mengine.

Basi mkaguzi, bwana mwembamba wa miwani kutoka Bujumbura, alifika juzi Ijumaa akakuta foleni mpaka barabarani. Watu wameleta maharage, viazi, nanasi, na jogoo aliyepanda juu ya rafu ya jiografia akakataa kushuka. Mkaguzi alipouliza habari za jogoo, Direkta alijibu bila kupepesa macho: "Iko ndani ya programu, Monsieur." Mtoto mmoja alileta daftari alimoandika hadithi nzima ya sungura kwa Kirundi, ili bibi yake asiyejua Kifaransa asomewe. Mkaguzi alilishika daftari lile akasahau kuhesabu, ikabidi aanze upya. Vitabu vilitimia mia mbili na kumi na moja. Atlasi haikuwepo, na Direkta alikuwa ameshaanza kunitazama.

Ndipo akaja Kasiano. Bahati mbele na atlasi kichwani, yeye nyuma na kamba, na mwisho wa kamba ndama jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Akaingia naye ndani kabisa. Akasimama mbele ya watu na kutoa hotuba, na unawajua watu wa hapa, hotuba yao haina haraka. Alisema kitabu hiki kilipofika kwake alimwambia mjukuu wake amwonyeshe mahali Kastori alikoishi miaka yote ile. Bahati akamwonyesha Tabora. Akapima kwa kidole gumba kutoka hapa hadi pale, akakuta ni vidole viwili, akasema kumbe ni karibu. Mtoto akamwambia, babu, hivyo vidole viwili ni wiki na wiki za kutembea kwa miguu. Akasema tangu siku hiyo anapolima upande wake huwa anaviona vile vidole viwili. Alipewa shamba lile akiwa kijana, akaambiwa halina mwenyewe, na alijua linaye. Hakuwa na kitabu cha kuitura, ila ndama anaye. Kaka, nililia mbele ya mkaguzi, na Direkta naye alikuwa anapangusa miwani yake.

Sasa nifike pale nilipokuambia ukae chini. Kasiano aliuliza ni nani atakayempokea ndama kwa niaba ya nyumba ya Kastori. Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu hapa mwenye kupokea ni mwanamume wa nyumba, na mwanamume wa nyumba ameapa mbele ya padri kwamba hatakunywa chungu kimoja na Kasiano maisha yake yote. Ningesema hupo, angerudi na ndama na aibu yake, na sisi na yetu. Nikasema umenituma. Nikasema uliniandikia barua ndefu, umemsamehe, na umeniagiza nipokee kwa jina lako. Barua hiyo hukuiandika, na mimi nimekusemea uongo mbele ya kilima kizima, ndani ya maktaba, mkaguzi akiandika.

Kisha wakaleta chungu na mirija, na safari hii hakuna aliyeiita juisi. Nikamwambia Kasiano kwamba umesema nikinywa mimi ni kama umekunywa wewe. Kwa hiyo, kaka, umekunywa naye. Tena ulikunywa mara mbili, na mara ya pili uliimba, ndiyo maana sauti yangu imekauka. Nisamehe kama unaweza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kazi yangu ipo, mkaguzi ameandika vizuri. Ndama ni wako. Nimemfunga mpakani kwa kamba ndefu, anakula upande wetu na upande wa Kasiano, na hakuna aliyemkemea. Ila umeahidi utakuja Krismasi kuijibu ile hotuba, na Kasiano ameshaanza kumenya ndizi. Jana na leo asubuhi ameniuliza kama unapenda kali au ya wastani. Nimemwambia hivi sasa unaijua ladha yake.

Msalimie sana wifi Upendo, wabusu watoto, na mama mkwe wako mwambie nimemshukuru kwa kukutunza, inatosha. Mama Apolline anakusalimu. Wanangu wanauliza kama mjomba wao ni mkali kama wasemavyo. Nimewajibu watajionea wenyewe tarehe ishirini na tano.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, na mdomo wako wa muda,

Melania