Mche wa Mwisho wa Nyanya za Mama Upendo

Guangzhou, Jumanne, Januari. Mawingu mazito na baridi ya unyevu. Moyo haujatulia.

Asubuhi nimeokota maua mengine sakafuni. Yamedondoka na vikonyo vyake, yakiwa bado ya manjano, wala hayakunyauka. Mche umeyaacha tu.

Nao ndio mche pekee uliobaki.

Mimi ni mwalimu mstaafu kutoka Same. Marehemu mke wangu alikuwa na nyanya zake ndogo, za ukubwa wa gololi, alizozirithi kwa mama yake, na kila mwaka alianika mbegu juu ya gazeti. Alipofariki, binti yetu Upendo, ambaye hununua nguo katika soko la Shahe na kuzisafirisha nyumbani, alinitaka nije kukaa naye hapa Sanyuanli nisibaki peke yangu. Bustani ikakauka nyuma yangu. Nilikuja na kipande cha gazeti chenye mbegu za mwisho. Zilikuwa zimezeeka, kwa hiyo nilizipanda zote, zikaota chache. Miche mingine imeoza mashina kwa unyevu wa nyumba hii, ambayo dirisha lake limekaribiana na la jirani kiasi cha kuweza kuazimana chumvi bila kutoka nje. Jua hatulioni. Mche niliobaki nao unaishi ndani ya ndoo ya rangi, chini ya taa ya umeme, na dirisha nimelifunga tangu baridi ilipoanza.

Jioni Upendo alirudi na mzigo wake, akanikuta nimeinama juu ya ndoo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Hujala tena."

"Nimekula."

"Umekula nini, na sufuria iko vilevile nilivyoiacha? Halafu mche wenyewe umeufungia kama mwali. Upepo hauupati, nyuki hakuna. Utazaa na nani?"

Si maneno ya kumwambia mzazi. Lakini ni kweli.

Nikafungua dirisha. Baridi iliyoingia ilinipata hadi kwenye magoti. Nikaona majani yanatetemeka, nikalifunga tena. Upendo akatoa kwenye mzigo feni ndogo ya mkononi.

"Sampuli hii. Laoban kanipa bure, leo kaamka vizuri," alisema. Laoban ni mwenye duka. Hapa kila mtu humwita hivyo. Akaielekeza feni kwenye kishada cha maua, akavuma kwa mdomo. "Haya, Baba, nyuki wa Shahe kafika kazini!"

Nilicheka. Sikumbuki nilicheka lini kabla ya leo.

Ua likadondoka.

Upendo akazima feni. Akasema kwa upole, "Baba, nyanya ndogo zimejaa sokoni hapo chini. Nikuletee?"

"Hizo si hizi."

"Zinatofautiana nini? Mimi hata ladha ya zile za Mama siikumbuki."

Nilifungua kinywa nimweleze. Nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote kueleza jambo likaeleweka, na jambo hili nimeshindwa kulieleza. Niliuona mkono wa mke wangu ukinipa nyanya yenye punje za chumvi. Nilimwona akinitazama nitafune. Ladha yenyewe haikuja.

Haikuja.

Niliamini ninamtunzia binti yangu kitu. Kumbe hata mimi sinacho tena. Mche huu ukifa, hakuna mtu duniani atakayejua nyanya zile zilikuwaje.

Mungu anisamehe: nimeuombea mche huu kuliko nilivyomwombea mke wangu katika ugonjwa wake. Wakati ule nilikuwa na hakika kwamba atapona.

Kimebaki kishada kimoja ambacho maua yake ndiyo kwanza yanafunguka. Nikiyakinga baridi, yatakosa upepo. Nikiyapa upepo, yatapata baridi. Dirisha ni moja. Kesho adhuhuri, baridi itakapolegea, nitalifungua na kusimama hapo na koti langu, nigongegonge kikonyo kimoja baada ya kingine kwa kidole ili chavua idondoke.

Na hayo nayo yakidondoka, nitakuwa nimefiwa mara ya pili. Safari hii nani atakuja kunipa pole kwa sababu ya nyanya?