Kanzu Yako Iko Msumarini

Doto wangu, Baba Padri,

Pokea salamu za pacha wako mwenye dhambi. Meno yamebaki manne, na viatu vya watu bado nashona.

Barua yako nimeipata. Unasema humbatizi mjukuu wangu mpaka wakubwa wako waamue kama ana roho, kwa kuwa madaktari walimtengeneza kutoka kwenye chembe ya marehemu binti yangu, nakala tupu. Haya. Alhamisi saa tatu asubuhi anapasuliwa moyo. Wakubwa wako wanakaa lini?

Nimemshonea viatu kwa kalibu ileile ya mguu wa marehemu, vikamkaa sawasawa. Lakini marehemu alikuwa akila visigino. Huyu anakula ncha, kwa kupiga mawe mateke. Nani anayepiga hayo mateke?

Jana kaniuliza, "Babu, nikifa nitapokewa, au nitaambiwa mwenzangu keshaingia?"

Nikamwambia anywe dawa aache maneno. Kisha nikatoka nje, nikajifanya natafuta nyundo.

Sisi nasi tulitoka yai moja, Doto. Tulifanana hata mama akawa anamnyonyesha mmoja mara mbili, mwingine analala na njaa. Mbona hujawahi kuuliza roho alipewa nani?

Njoo Alhamisi kabla ya saa mbili. Usipokuja, ile kanzu uliyoisahau kwangu bado iko msumarini. Nitaivaa, nitaingia wodini na maji yangu, na wauguzi watanipisha: "Shikamoo, Padri."

Ndevu nimeshanyoa.

Ni mimi,
Kurwa wako