Taa Niliyoimaliza kwa Kutia Vifungo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bibi Vifungo, ndivyo mtaa mzima unavyoniita.
Umri: Sikuandikiwa. Niliyemzaa kwanza ana mvi.
Kazi: Kushona na kutia vifungo sare za shule.
Makazi: Chumba cha nyuma, karakana ya mjukuu wangu, fundi wa kompyuta.
Elimu: Hakuna.

Kabla hujashika kalamu, mwanangu, sikiliza. Tangu nikutilie kiraka kaptura ya shule hujakanyaga kwangu, hata kunijulia hali. Kisha Jumatatu unaingia kwangu bila hodi, na pingu mkononi! Andika na hilo. Mimi sijui kusoma, lakini utanisomea, na ukiruka neno nitajua.

Mjukuu wangu nimemlea mimi. Mama yake alifariki mtoto hajaota jino. Nilimbeba mgongoni, sasa yeye ndiye anayenibeba.

Mnamo mwezi wa pili mwaka huu alileta monita za zamani kutoka ofisi iliyofungwa. Zote zilikuwa zimechoka, isipokuwa moja. Aliniambia nyuma ya kioo cha monita kama hizo kuna vijitaa vyembamba kama sindano ya magunia, na kwamba kinachovimaliza ni kuwaka. Yeye huiwasha ikiwa baridi akatazama inachelewa kiasi gani kuwa nyeupe, ndipo anajua imebakiwa na nini. Akasema, "Hii ina mwaka mmoja wa kazi, Bibi, si zaidi. Nimemwahidi Mama Chapa. Usiiwashe."

Nikamjibu, "Niiwashe ya nini mimi?"

Mama Chapa huchapa barua za watu za kuombea kazi. Alikuwa amesafiri kumuuguza dada yake, kwa hiyo monita ikakaa chumbani kwangu ikimngoja.

Chumba changu hakina dirisha. Balbu yake ni ya manjano, na macho yangu yamekwisha. Siku moja mjukuu wangu alipotoka, niliiunganisha na kompyuta yake ya kupimia, aliyoiweka humo humo chumbani kwangu, kama nilivyomwona akifanya. Kioo kizima kikawa cheupe. Nikauona uzi. Mwanangu, niliuona uzi! Nilikuwa nimesahau kwamba mweusi na wa buluu si mmoja.

Nikasema leo tu. Kesho yake nikasema leo tu. Sare zilikuwa rundo. Nikawa nawasha akishaingia karakanani, nazima nikisikia kikohozi chake, nafunika kwa shuka. Hata nikila niliiacha iwake, maana chumba kilikuwa kimechangamka. Ilikuwa hivyo hadi mwezi wa saba.

Wakati mmoja aliweka kiganja juu yake. "Bibi, mbona ina vuguvugu?"

"Chumba hiki ni tanuri, hujui?"

Akacheka. Jioni yake akaniletea feni.

Mwezi wa saba Mama Chapa alirudi akaichukua. Haukupita muda akaja kulalamika kwamba asubuhi inaamka nyekundu kama jicho la mlevi. Kisha ikafifia. Mwisho ikawa giza kabisa. Maandishi yamo, ila huyaoni mpaka uyamulike. Alisimama karakanani akasema mbele ya watu, "Uliniapia mwaka mzima! Umechomoa taa nzuri ukanipachikia mzoga. Mwizi mkubwa wewe!" Simlaumu. Alikuwa anachapa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika tochi.

Jumatatu tarehe 9 mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, ulikuja na mwenzako. Ulimuuliza mjukuu wangu, "Nani mwingine hugusa mali za wateja hapa?" Alinitazama. Nilikuwa mlangoni na sindano mdomoni. Alijua. Nadhani alijua tangu siku ile ya feni. Akasema, "Hakuna, afande. Ni mimi peke yangu."

Sindano ile ningeweza kuitema. Sikuitema. Nilikutazama unamfunga, nikaingia ndani, nikawasha balbu.

Sasa nasikia kesho anapelekwa mahakamani kwa wizi. Hakuiba. Hakupachika mzoga. Taa ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyeila, mchana baada ya mchana. Mtoeni, niingie mimi. Blanketi nimekuja nalo.

Niliyoyafanya ndiyo hayo, na iliyonileta hapa ni miguu yangu.

(Alama ya dole gumba)

Dokezo la afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake. Alinirudisha nyuma nilipotaka kuruka habari ya kaptura. Amekiri ni sahihi. Mtuhumiwa alipoulizwa upya alisema, "Bibi amezeeka, msimsikilize," kisha akauliza kama Bibi amekula. Mlalamikaji ameitwa. Nimemwomba mkuu wa kituo asimamishe safari ya kesho ya mahakamani. Blanketi amepewa mtuhumiwa. Shahidi amekataa kuinuka kwenye benchi mpaka niandike maneno yake haya ya mwisho:

"Ukija tena kwangu, uje naye, na upige hodi. Na hicho kifungo chako kinachoning'inia usikikate. Njoo asubuhi, jua likiwa mlangoni. Nitakitia hapo hapo kizingitini."